Pedali za klipu kwenye mchanga na chumvi ya kusini

Bolti mbili fupi za M5 (unene wa milimita 5) ndizo zinazoamua kama mwendesha baiskeli aliyevaa viatu vya klipu, yaani vinavyojifunga kwenye pedali, atachomoa mguu salama au ataanguka na baiskeli yake. Watu hubishana kuhusu chapa, uzito na bei ya pedali. Bolti hakuna anayeziulizia. Lakini malalamiko mengi ya "pedali imegoma kuachia" ukiyafuatilia hadi mwisho unakuta pedali nzima kabisa, springi yake inafanya kazi, na kilicholegea ni kile kipande cha chuma kilichofungwa chini ya soli, kinachoitwa kliti.

Haya yanawahusu wanaokula kilomita: wanaotoka Mtwara hadi Lindi kupitia Mikindani na Mingoyo, wanaopandisha uwanda wa Makonde kuelekea Newala, au wanaotoka Lindi kufuata barabara ya Nangurukuru. Mwenye baiskeli ya mzigo, anayebeba nazi, mkaa au madumu ya maji, hazimfai hata akipewa bure. Yeye huweka mguu chini kila baada ya muda, hushuka kusukuma penye mlima, na kandambili yake kwenye pedali bapa ni salama kuliko kiatu chochote cha mashindano.

Pia tuondoe dhana moja mapema. Pedali za klipu hazikupi nguvu usiyonayo. Wengi huambiwa kwamba watavuta pedali juu kwa mguu mmoja huku mwingine ukisukuma chini, na hivyo mwendo utaongezeka maradufu. Mtu anayeendesha kwa saa nne havuti hivyo, labda kwa muda mfupi tu penye mwinuko mkali. Faida ya kweli ni kwamba mguu hautelezi. Soli imeloa, barabara ina makorongo, miguu inazunguka mara 90 kwa dakika, na bado unyayo uko palepale ulipouweka. Kwa safari ndefu hilo linatosha kuhalalisha gharama.

Utaratibu wake ni mwepesi kuuelewa. Pedali ina mdomo mgumu mbele usiosogea, na taya nyuma inayoshikiliwa na springi. Unaingiza pua ya kliti kwenye mdomo wa mbele, unakanyaga, taya inafunguka kidogo, kisha inajifunga: tak! Kutoka, unasukuma kisigino upande wa nje, mbali na baiskeli. Mabega ya kliti yamechongwa kwa mteremko, kwa hiyo yanapozunguka yanaisukuma taya ifunguke. Kuvuta mguu juu au nyuma hakusaidii, na hapo ndipo mgeni anapoanguka, kwa sababu mwili ukishtuka huvuta. Miaka yote umezoea kuinua mguu, sasa unatakiwa kuuzungusha.

Wazo hili lilitoka kwenye theluji. Kampuni ya Look ya Nevers, Ufaransa, ilianza mwaka 1951 kwa kutengeneza vifungio vya viatu vya ski, vile vinavyoachia mguu pale mtu anapoanguka ili mfupa usivunjike. Mwaka 1984 ikatoa pedali ya baiskeli inayotumia wazo hilohilo, na Mfaransa Bernard Hinault akashinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France ya 1985 akiwa amezifunga. Kabla ya hapo kulikuwa na mikanda ya kufunga vidole kwenye pedali, na kulikuwa pia na pedali ya Cinelli M71 ya mwaka 1971 iliyoshika kiatu vizuri sana, ila kutoka ilibidi uiname ukafungue wenzo mdogo kwa mkono. Fikiria kufanya hivyo mbuzi anapokatiza barabara pale Mikindani. Mwaka 1990 kampuni ya Shimano ya Japani ikaleta mfumo wa SPD wenye kliti ndogo ya chuma inayozama ndani ya soli ili mtu aweze pia kutembea. Huo ndio mfumo utakaozungumziwa zaidi hapa.

Inafaa kubaki kwenye theluji kidogo, maana huko kuna kifungio kinachofanana na hiki kwa namna ya kuingia na kinachotofautiana nacho kabisa kwa namna ya kuachia. Wanaoteleza kwa ubao mmoja mwembamba wakiwa na viatu vigumu vya plastiki hutumia mfumo kama Intec: kisigino cha kiatu kina pini mbili za chuma zinazochomoza pembeni kwa springi, unakanyaga, pini zinaingia kwenye matundu ya kifungio, na kutoka unavuta kishikio kilichofungwa kwenye waya unaopanda hadi juu ya kiatu. Kifungio hicho hakikusudiwi kuachia mtu anapoanguka. Miguu yote miwili iko kwenye ubao mmoja. Ukiachiliwa mguu mmoja tu, ule uliobaki ndio utakaosokotwa na ubao mzima. Kwa hiyo huko usalama wote umewekwa kwenye kushika, na hofu yao kubwa ni barafu kujibana chini ya kisigino, pini zikaingia nusu, mtu akasikia mlio akaamini amefungwa. Hofu ya pili ni ule waya kukatika. Sisi barafu hatuna, ila mchanga wa ufukwe wa Msimbati unafanya kazi ileile ya barafu: unajaza nafasi ambayo kliti ilitakiwa kukaa. Na somo lao linatufaa bila kubadilisha neno. Mlio pekee hauthibitishi kitu. Ukishakanyaga, inua mguu kidogo, tikisa kisigino kushoto na kulia, uhisi chuma kimeshika pande zote mbili, mbele na nyuma.

Ununue ipi?

Kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni kliti ya bolti mbili, ndogo, ya chuma, kama SPD. Ya pili ni kliti ya bolti tatu, kubwa, ya plastiki, kama SPD-SL ya Shimano au Keo ya Look, ambazo ingawa zote zina bolti tatu haziingiliani: kliti ya mmoja haikai kwenye pedali ya mwingine. Hizi za plastiki zinapendeza kwenye lami ya Ulaya. Huku, kila unaposimama kununua maji unatembea juu ya changarawe na mawe ya matumbawe, na kila hatua inakula plastiki. Mchanga unanata kwenye uso wa kliti, unaukanyagia kwenye pedali, unasaga vyote viwili. Anayezitumia abebe vifuniko vyake vya mpira na avivishe kila anaposhuka. Kama ni lazima, kwenye SPD-SL rangi zina maana: ya manjano inaruhusu kisigino kucheza nyuzi 6, ya bluu nyuzi 2, nyekundu haichezi kabisa. Nyekundu waachie wenye vipimo vya wataalamu na magoti yasiyouma.

Kwa pwani hii mimi ningechukua bolti mbili bila kufikiri mara mbili, na kwa anayeanza ningechagua pedali yenye upande mmoja bapa na mwingine wa klipu, mfano PD-EH500 ya Shimano. Mjini, kwenye foleni ya bajaji na bodaboda za sokoni, unakanyaga upande bapa. Ukishatoka nje ya mji unaigeuza. Anayetaka klipu pande zote mbili, PD-M520 ni chuma cha kawaida, kizito kidogo, lakini kinachovumilia.

Kliti zenyewe za SPD nazo ni za aina mbili zinazochanganywa dukani kwa sababu umbo lake linakaribiana. SH51, kwa kawaida nyeusi, inaachia kwa kuzungusha kisigino pembeni tu. SH56, kwa kawaida ya fedha, inaachia pande nyingi zaidi, na ukiuvuta mguu kwa nguvu ya kushtuka inaweza kuachia pia. Kwenye boksi la pedali mpya mara nyingi unakuta SH51. Anayejifunza anunue SH56 kando. Hasara yake ni kwamba siku utakayosimama wima kwenye pedali na kuvuta kwa nguvu, inaweza kukuachia usipotaka, kwa hiyo ukishazoea rudi kwenye SH51. Soma namba iliyochongwa kwenye chuma. Rangi usiiamini peke yake, hasa kwa kliti za kuiga.

Kuna pia Eggbeater ya Crankbrothers, iliyo wazi pande nne na yenye nafasi ya kutosha kupitisha udongo. Kwa matope ya uwanda wa Makonde wakati wa masika inazishinda nyingi. Ila springi yake hairekebishwi, na kliti yake ni ya shaba nyeupe laini inayolika mapema. Pembe ya kuachia, nyuzi 15 au 20, inategemea kliti ipi umeifunga kiatu kipi: ukizibadilisha kushoto kwa kulia, pembe inabadilika. Fundi asiyejua hilo anaweza kukurudishia viatu vyenye tabia tofauti na ulivyompa.

Kufunga kliti

Viatu vingi vipya vya bolti mbili vina kipande cha mpira kinachofunika sehemu ya kliti; kikate kwa kisu kufuata mstari wake, au fungua bolti zake. Ndani ya soli kuna bamba lenye matundu manne yenye hesi. Tumia jozi ya mbele au ya nyuma kulingana na mguu wako. Vaa kiatu, papasa kifundo kinachochomoza kwenye shina la kidole gumba, weka alama pembeni ya kiatu kwa kalamu. Kisha papasa cha shina la kidole kidogo, weka alama upande wa pili. Katikati ya alama hizo mbili, ukipima kwa urefu wa kiatu, ndipo mhimili wa pedali unapotakiwa kupita. Ukisita, rudisha kliti nyuma kidogo kuelekea kisigino. Kliti iliyosogea mbele mno inachosha kano ya kisigino na kuunguza vidole, na safari ya Lindi si mahali pa kugundua hilo.

Kwa upande wa mwelekeo, kaa juu ya meza miguu ikining'inia, uangalie nyayo zako zinaelekea wapi zenyewe. Usilazimishe zinyooke kama za askari. Kliti ya SPD inaruhusu mchezo mdogo, kama nyuzi 4, na lengo ni mguu wako ukae katikati ya mchezo huo. Ukiona kisigino kimeegemea mwisho wa upande mmoja muda wote, pembe imekosewa na goti litakuja kudai.

Paka grisi kwenye hesi za bolti na chini ya vichwa vyake. Fundi ambaye hajazoea vifaa hivi hupenda kufunga kavu, akiamini grisi italegeza. Kwenye hewa yenye chumvi ya Mikindani au Lindi mjini, bolti kavu ya chuma inaota kutu ndani ya bamba, na ukitaka kubadilisha kliti unakuta tundu la alenki (spana ya pembe sita) limeliwa. Kaza kwa alenki ya milimita 4 hadi nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 5 hadi 6. Huna spana ya kipimo? Shika alenki sentimita 10 kutoka kwenye bolti na usukume kwa nguvu sawa na kuinua kilo 5 hadi 6. Unaweza kujizoesha kwa kuning'iniza dumu la lita 5 lililojaa maji. Kaza kwa zamu, moja nusu, nyingine nusu, kisha rudi kwenye ya kwanza. Baada ya safari ya kwanza kaza tena, kwa sababu meno ya chini ya kliti huzama kwenye soli na kuacha ulegevu. Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika.

Kisha angalia soli. Viatu vyenye meno marefu ya mpira hugusa mwili wa pedali kabla kliti haijafika. Dalili yake ni kwamba kuingia kunahitaji kukanyaga kwa hasira, na kutoka kunakuwa kuzito. Chonga mpira pembeni ya kliti kwa kisu kikali, milimita moja moja, ukijaribu kila mara. Kinyume chake, kiatu kikiyumba ubavu kwa ubavu kliti ikiwa imeshika, soli iko mbali mno na pedali.

Pedali zenyewe zinaingia kwenye mkono wa pedali kwa hesi ya inchi 9/16, mizunguko 20 ya hesi kwa inchi, na ya kushoto inakazwa kinyume. Tafuta herufi L na R. Zote mbili, ukikaza, spana inaelekea mbele ya baiskeli. Paka grisi, anza kwa vidole mizunguko mitatu bila spana, halafu kaza kwa Nm 35 angalau: kwenye spana ya sentimita 30 hiyo ni nguvu ya kilo 12 hivi mwishoni mwa mpini. Ukilazimisha hesi ya kulia kuingia kushoto, mkono wa alumini unaharibika papo hapo, na huo hauchomelewi. Baiskeli za zamani za koteri (pini inayoshika mkono wa pedali), kama Phoenix, mara nyingi zinapokea hesi hiyohiyo, lakini kabla ya kufunga pedali za klipu hakikisha koteri haichezi, kwani mguu uliofungwa utaisukuma na kuivuta kila mzunguko.

Springi ibane kiasi gani

Kila upande wa pedali wenye klipu una skrubu yake ya springi. Pedali ya pande mbili ina mbili, kwa hiyo jozi ina nne, na zote nne zinatakiwa kuwa sawa. Hesabu mibofyo. Kwenye M520 ni alenki ya milimita 3. Kulia inabana, kushoto inalegeza. Legeza hadi karibu na mwisho, usipitilize, maana skrubu ikitoka kwenye bamba lake utapata kazi ya kuirudisha. Anza hapo. Ongeza mbofyo mmoja pale tu unapoona mguu umechomoka bila kutaka. Wapo wanaobana sana ili waonekane wazoefu. Hao ndio unaowaona wamelala kwenye tuta la barabarani huku baiskeli iko juu yao.

Jizoeze mahali laini, mguu mmoja kwanza. Ufukweni mchanga utakuharibia kazi, kwa hiyo uwanja wa mpira wenye nyasi ndio mzuri. Shika mwembe au mlingoti wa goli, ingia, toka, ingia, toka, mara 50 kila mguu, bila kutazama chini. Halafu endesha baiskeli mguu mmoja ukiwa kwenye klipu na mwingine huru. Mguu hutoka kirahisi pedali ikiwa chini kabisa au juu kidogo ya hapo.

Barabarani kanuni ni kwamba uchomoe kabla ya breki, mita 15 au 20 kabla ya mahali unapodhani utasimama. Na uchomoe wa kushoto. Tanzania tunaendesha kushoto, magari yanakupita kulia. Mguu wa kushoto ukiwa chini, mwili unaegemea ukingo wa barabara. Ukichomoa wa kulia, hata ukiyumba kidogo tu unaangukia upande wa lori la korosho. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori yanayoshuka kuelekea bandari ya Mtwara ni mengi na kingo za lami ni kali, hivyo zoea upande mmoja hadi mwili ufanye wenyewe. Kosa dogo linalowashika wengi ni kuchomoa kushoto kisha kuegemea kulia. Baada ya kuchomoa, sogeza nyonga upande wa mguu ulio huru.

Vinavyoharibika

Turudi kwenye bolti. Kliti imeshikwa na bolti mbili ili isizunguke. Moja ikidondoka, kliti inabaki kwenye bolti moja na kugeuka kuwa kama kitasa kilichokatika ndani: unazungusha kisigino, kiatu kinazunguka, kliti imetulia kwenye taya. Hakuna kiasi cha kuzungusha kitakachokutoa. Mwendeshaji hajui lolote hadi anaposimama, kwa sababu wakati wa kupiga pedali kila kitu kinashika vizuri. Dalili za mapema zipo. Mchezo wa kisigino unaongezeka, unasikia mlio mwembamba kila unapokanyaga, au inakulazimu kuzungusha mbali kuliko jana. Ukihisi mojawapo, simama ukiwa bado unaweza.

Kliti iliyolika ni tatizo la polepole. Angalia pua ya mbele: ikiwa nyembamba kama ukingo wa sarafu, au kiatu kinachezacheza juu na chini, ibadilishe. Kliti iliyoisha ina hila mbili zinazopingana. Huweza kuachia bila kuombwa unapokanyaga kwa nguvu mlimani, na pia huongeza pembe ya kutoka, hivyo siku ya dharura unazungusha kama ulivyozoea na haitoki. Badilisha zote mbili pamoja. Kliti mpya huwa ngumu kidogo siku za mwanzo. Legeza springi mibofyo miwili kisha urudishe.

Halafu mchanga. Ukitembea ufukweni kisha ukakanyaga pedali, chembe zinaingia kati ya kliti na taya na kwenye matundu ya bolti. Gonga kiatu kwenye pedali mara mbili kabla ya kuingia, ukikanyaga kwa kisigino cha soli na siyo kwa kliti. Udongo mwekundu wa kule juu wakati wa mvua ni mbaya zaidi kwa sababu unashikana na kukauka. Beba kijiti au spoku iliyokatwa kwa kazi ya kuchokoa. Ukifika nyumbani osha pedali na kliti kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na mswaki wa zamani, acha zikauke, dondosha tone moja la mafuta ya cheni kwenye kila springi na kwenye midomo ya taya, kisha futa yanayobaki. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huipaka bila kuulizwa, ina vumbi la chuma na inakamata mchanga. Baada ya wiki una msasa. Petroli na dizeli nazo zinaondoa grisi ndani ya pedali.

Wakaao karibu na mashamba ya chumvi au waliovuka maji ya bahari waoshe siku hiyohiyo, hata kama wamechoka.

Beringi hazina maneno mengi. Zungusha pedali kwa vidole: ikiwa laini na nzito kidogo, ni njema, ikikwaruza, mchanga umeingia, ikizunguka muda mrefu kama pia, grisi imekwisha. Kwenye Shimano nyingi za bei ya kawaida ekseli inatoka nzima kwa kufungua kola ya plastiki yenye meno, kwa kifaa chake TL-PD40. Kola ina mshale unaoonyesha upande wa kukaza, na pedali ya kulia ina hesi ya kinyume, kwa hiyo usome mshale kabla ya kutumia nguvu. Jaza grisi mpya, rudisha ekseli, na grisi ya zamani itasukumwa itoke.

Bolti ya kliti iliyoliwa tundu, kwanza chokoa uchafu wote kwa sindano hadi chini. Bolti nyingi "zilizoliwa" zimejaa mchanga tu, na alenki haikuwa imezama. Ikiwa kweli imeliwa, gongomea kichwa cha nyota cha T25 ndani ya tundu na uzungushe taratibu. Ikishindikana, tumia keekee ya milimita 5 utoboe kichwa hadi kidondoke. Kliti ikitoka, shina linalobaki unalishika kwa koleo.

Vya kubeba ni vichache: alenki ya 4 na ya 3, bolti mbili za akiba za kliti, na kile kijiti. Bolti za M5 za kawaida kutoka duka la vifaa huwa na kichwa kirefu kinachogusa pedali, kwa hiyo beba za kliti zenyewe.

Ikitokea umekwama kwa bolti iliyodondoka, usipambane na kisigino. Endelea kupiga pedali polepole, tafuta kitu cha kushika upande wa kushoto, kama nguzo, ukuta au mtu, legeza kamba au kifungo cha kiatu, utoe mguu na kuacha kiatu kwenye pedali. Ukishakuwa chini, legeza skrubu ya springi hadi karibu na mwisho. Mtu mmoja ashike kiatu, mwingine aingize bisibisi bapa kati ya taya ya nyuma na kliti, aisukume taya nyuma. Kliti ikibaki kwenye pedali peke yake baada ya bolti ya pili kukatika, ishike kwa koleo na uizungushe pembeni, kama mguu ungefanya.